Wafu Hawapigi Makofi

Jumatatu, 3 Juni

Kitenge kimekosewa tena. Asubuhi Bibi Tekla alivuka uwanja amejifunga kitenge cha kahawia, fundo kushoto. Baada ya chai akatokea upande wa pili wa kihenge cha kuhifadhia ulezi, fundo kulia. Kwenye filamu ni hatua sita. Kwetu ni saa mbili na sufuria zima la viazi. Nimeandika. Nimemwambia Kizito, mwongozaji wetu. Anasema tutapiga upya kesho kama jua litakubali. Halitakubali. Mwezi huu upepo unasukuma mawingu hovyo, kivuli hakitulii hata dakika kumi.

Siku ya nne ya kupiga Sehemu ya Pili ya Kihenge cha Saba. Kazi yangu inaitwa mwendelezo. Nakaa kwenye kigoda nyuma ya kamera na daftari, naangalia kama kilichokuwa mkono wa kulia bado kipo mkono wa kulia. Siku nyingine zote mimi ni fundi cherehani hapa Malangali. Kizito alinichukua kwa sababu mshono uliopinda nauona kabla mwenye nguo hajaivaa. Sijivuni. Najivuna kidogo.

Mengine ya leo. Kovu la Bibi Tekla limehama shavu. Mlango wa kihenge uliovunjwa Sehemu ya Kwanza umekuwa mzima na hakuna aliyeonekana na nyundo. Mbwa tuliyemzika na kumlilia amepita nyuma akitingisha mkia. Kizito alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Basi.

Jumanne, 4 Juni

Jua limekataa. Tumeshinda studio kwa Kizito, chumba anachotengenezea video za harusi na kipaimara. Tumeangalia Sehemu ya Kwanza tangu mwanzo, ili tujue tuliwahi kusema nini.

Sikuwa nimeiangalia tangu ilipotoka. Ni nzuri kuliko nilivyokumbuka. Mtoto anakufa kijijini. Bibi Tekla anasingiziwa uchawi. Majonzi yanamuua, anazikwa, kisha anaanza kuonekana kwenye kihenge cha ulezi, amebeba ungo, hasemi neno. Mwishoni inajulikana kwamba mtoto alitiliwa sumu na mjomba wake, aliyetaka shamba. Mjomba anakiri mbele ya kijiji kizima. Bibi hakuwa na kosa lolote. Imesemwa kwa sauti, mchana kweupe, dakika tano nzima.

Hizo dakika tano hakuna anayezikumbuka. Watu wanakumbuka kipande cha kihenge. Kilikatwa kikazunguka kwenye simu za mji mzima. Bibi anatokea gizani na ungo wake. Mzee wa kijiji anamsalimu. Bibi anamtazama tu. Msichana mdogo ananong'ona: "Hapigi makofi. Wafu hawapigi makofi."

Maneno yale niliyatunga mimi.

Niandike, maana sijawahi kumwambia mtu. Siku ile kulikuwa na kosa. Kwetu huku mama wa umri ule hakutani na mzee asichutame kidogo na kupiga viganja, pa, pa, pa, taratibu, na mzee akajibu vilevile. Mtu anafundishwa kabla hajajua kuhesabu. Lakini mikono ya Bibi Tekla ilikuwa imejaa ungo, kwa hiyo hakupiga. Niligundua siku ya tatu, mvua imeshaanza, haturudii tena. Badala ya kusema nilipitiwa, nikaandika mstari mmoja tukampa yule msichana aseme. Kizito alinisifu sana. Alisema nimeipa filamu kanuni yake.

Kilikuwa kiraka tu. Kinamtafuna mtu asiye na hatia, na mtu mwenyewe ni wangu.

Jumatano, 5 Juni

Bibi Tekla wa filamu ni Mama Mdogo Sabina, mdogo wa marehemu mama yangu. Mjane, sabini na kitu, mwembamba kama bua. Nyumba yake inatazamana na yangu. Hakuwahi kuigiza wala kuota kuigiza. Nilimbembeleza mimi, wiki nzima, kwa sababu ana uso ambao kamera inaupenda.

Sasa watoto wakimwona njiani wanakimbia wakipiga kelele, "Hapigi makofi!" Wakubwa hawakimbii. Wanafanya vibaya zaidi. Mashineni wanamwachia nafasi pana kwenye foleni, pana mno. Mama Kaspari, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, ambaye wameazimana naye chumvi tangu sijaolewa, anapita akitazama chini. Mama Mdogo humpigia viganja. Hajibiwi. Siku hizi amepunguza kuwapigia watu. Nimeliona hilo kabla yeye mwenyewe hajaliona, na limeniuma kuliko kelele za watoto.

Nilimuuliza kwa nini amekubali kurudi Sehemu ya Pili. Alisema kwenye kamera angalau watu wanamwita kwa jina, hata kama si lake.

Alhamisi, 6 Juni

Kizito ametoa kurasa za mwisho. Bibi Tekla alikuwa mchawi tangu mwanzo. Alimuua yule mtoto, na wengine watatu ambao Sehemu ya Kwanza hawakuwapo hata kwa kutajwa. Wanakijiji wanakusanyika, wanamfungia kwenye kihenge, wanachoma. Mwisho.

Na mjomba aliyekiri? Kuna mstari mmoja: alirogwa akakiri.

Nimesoma mara mbili. Nikaweka karatasi chini ya cherehani nikashona shati la shule, likatoka limepinda. Sijapindisha shati miaka mingi.

Jumamosi, 8 Juni

Leo ilikuwa zamu ya Mama Mdogo. Sala ya jumuiya inazunguka nyumba kwa nyumba, kila Jumamosi asubuhi. Jana alifagia uwanja mpaka barabarani. Akaazima benchi. Akachemsha chai ya watu kumi na tano.

Saa moja tukasikia wimbo unaanza. Kwa Mama Kaspari. Zamu imerukwa, na hii ni mara ya pili. Hakuna aliyekuja kusema sababu.

Tulikaa wawili kwenye benchi la watu sita. Tukasali rozari. Yeye alisali. Mimi nilikuwa nahesabu nani na nani nimewasikia wakiimba kule ng'ambo ya ukuta, na kila sauti niliijua.

Jumapili, 9 Juni

Amenieleza baada ya misa. Anahamia Mtowisa, bondeni, kwa mwanawe Deo anayelima mpunga. Akimaliza tu sehemu yake kwenye filamu. Gari la Deo linapanda Jumamosi kuleta mchele, ataondoka nalo. Shamba la ulezi atamwachia mtu. Nyumba itafungwa.

Nikamwambia joto la kule hataliweza, amezaliwa kwenye baridi hii. Akasema, "Joto litaniumiza, mwanangu, lakini halitaninyima salamu."

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia. Halafu nikarudi nikamsaidia kukunja nguo, kwa sababu hajui kukunja.

Jumatatu, 10 Juni

Nimegombana na Kizito. Nilikwenda na daftari, nikamsomea. Mjomba alikiri kabla hajaonana na Bibi hata mara moja, sasa alirogwa saa ngapi? Mtoto alikufa siku ambayo Bibi alikuwa gulioni, tumeonyesha gulio, tumeonyesha hadi nyanya alizonunua. Mchawi wa kuua watu wanne anakufaje kwa majonzi? Sehemu ya Pili inaipiga ngumi ya mdomo Sehemu ya Kwanza.

Alisikiliza. Kizito si mtu mbaya, ana haraka tu. Akasema, "Fundi, watu hawaangalii mshono. Wanaangalia nguo."

Nikamwambia wanaanza kuangalia mshono siku unapoachia wakiwa kanisani.

Akacheka. Mwisho haukubadilika. Sikumtajia Mama Mdogo wala zamu wala Mtowisa. Kwa nini sikumtajia? Kwa sababu ningelazimika kuanzia kwenye ungo. Naona aibu kuandika hivi, lakini ndivyo ilivyo. Nilitaka kushinda bila kusema kwamba nilikosea.

Jumatano, 12 Juni

Bwana Idrisa alikuja uwanjani. Mfanyabiashara wa malori, ndiye anayewezesha filamu. Aliangalia kihenge kipya cha nyasi tulichojenga ili kichomwe. Akauliza kama watu watalia kwenye mwisho huu au wataogopa. Kizito akasema wataogopa. Bwana Idrisa akasema ya kwanza mke wake alilia. Akapanda gari akaondoka.

Mfuko wa Mama Mdogo umeshasimama mlangoni kwake, zipu imefungwa.

Ijumaa, 14 Juni

Naandika yote kwa mpangilio, kama kazi.

Saa tatu asubuhi. Wanakijiji wa filamu ni majirani wa Malangali, arobaini hivi, wamekuja kwa ahadi ya pilau. Mama Kaspari mstari wa mbele. Kizito akawaambia Bibi akitoka kwenye kihenge wapige kelele, "Mchawi!" Wakapiga kwenye majaribio. Walipiga vizuri mno. Nilimtazama Mama Kaspari usoni nikashindwa kujua kama anaigiza.

Mara ya kwanza. Mama Mdogo anatoka, mikono mitupu, kovu shavu la kushoto, sawasawa. Kelele. Mzee Vitalis, anayeigiza mzee wa kijiji, amesimama mbele yake na mwenge. Bibi anatakiwa amkazie macho tu, maana ni mfu. Badala yake magoti yakapinda kidogo. Viganja vikakutana. Pa, pa, pa.

Mzee Vitalis akampa jirani mwenge wake, akajibu.

Kelele zilikatika. Nyuma yake mtu mmoja akajibu, wa pili, halafu kama nusu ya kijiji, mikono yenyewe ikaenda, na watu wakatazama mikono yao kama si yao. Kizito: "Kata!"

Mara ya pili vilevile. Ya tatu vilevile. Kizito akashika kichwa. "Mama, wewe umekufa!" Mama Mdogo akaomba radhi. "Nasahau, mwanangu. Si mzee huyu hapa amesimama mbele yangu?"

Mara ya nne Mzee Vitalis naye akagoma. "Mimi siwezi kusalimiwa na mama mtu mzima nikasimama kama gogo. Kama mnataka gogo, tafuteni mtu wa Dar."

Watu wakacheka. Mama Mdogo naye alicheka, mkono mdomoni. Sijamwona akicheka mwaka mzima.

Mara ya tano ikaharibika vilevile. Ndipo Kizito akapata akili. "Mpeni ungo! Mikono ikijaa hatapiga. Fundi, leta ungo."

Ungo ulikuwa chini ya kigoda changu. Ulikuwa uleule. Watu wote wakanigeukia. Ni kazi ya sekunde tano: kuinama, kuuchukua, kumpa. Kosa linafunikwa, moto unawashwa, Jumamosi gari la Deo linashuka bondeni na nyumba inafungwa.

Nilisimama nikasema hapana.

Nilisema kwa sauti mbaya, ya kupasuka, si kama nilivyopanga, maana sikupanga. Nikawaambia ungo ule ulikuwa kosa langu. Sehemu ya Kwanza Bibi hakupiga makofi kwa sababu alikuwa amebeba ungo, basi. Mimi nilipitiwa, nikaona aibu, nikatunga maneno ya wafu nikiwa kwenye cherehani, ili nisionekane nimepitiwa. "Hakuna mila kama hiyo. Hakuna mfu. Alikuwepo mama ameshika ungo. Na ninyi mnamjua, amewasalimu miaka yote, mkaacha kumjibu kwa sababu ya uongo wangu mimi."

Kizito akasema kwa ukali kwamba Bibi alikufa, tulimzika. Nikafungua daftari la Sehemu ya Kwanza. Siku ya maziko Mama Mdogo alikuwa Mtowisa, mke wa Deo amejifungua. Tulizika jeneza lililofungwa, ndani tumejaza magunia ya pumba. Hakuna picha hata moja inayoonyesha Bibi Tekla amekufa. Watu walisema amekufa. Ni tofauti.

Sauti ikatoka nyuma, mtu sikumwona: "Mimi nililibeba. Lilikuwa jepesi sana."

Bwana Idrisa, aliyekuwa ameegemea gari lake, akauliza, "Kwa hiyo huyu mama hakufa?"

"Hakufa."

"Na aliyekuwa anatembea kwenye kihenge?"

"Ni yeye. Alifuata ulezi wake. Alikimbilia bondeni kwa mwanawe kwa sababu ya maneno ya watu, akarudi kuchukua chakula chake."

Alifikiri. Akasema, "Hiyo mke wangu atalia."

Kizito alikaa juu ya sanduku la taa. Aliniambia nimemuulia filamu. Halafu akaniuliza, bado kwa hasira: kama hakufa, alikuwa anapoteaje ndani ya kihenge? Nikamwonyesha mlango uliovunjwa: alikuwa anatokea pale. Ule ambao hakuna aliyeonekana akiutengeneza.

Mara ya sita tulipiga bila kelele. Alipiga viganja, Mzee Vitalis akajibu. Moto haukuwashwa. Pilau likaliwa.

Mama Kaspari hakula. Aliondoka bila kuniangalia, wala kumwangalia Mama Mdogo. Yeye hakuwa miongoni mwa waliojibu. Niliangalia mikono yake mara zote sita.

Jumamosi, 15 Juni

Gari la Deo limeshuka bila Mama Mdogo. Kizito ameandika maonyesho mapya manne na yote yanamhitaji. Mama Mdogo amesema atakwenda yakiisha. Mfuko bado uko mlangoni.

Jioni alileta maziwa ya mgando, akayaweka mezani. Nikamwomba radhi. Akasema alijua tangu siku ile kwamba alikuwa na ungo, yeye ndiye aliyeubeba, ila alidhani watu wa filamu wanajua wanachokifanya. Nilitamani ardhi ipasuke.

Jumapili, 28 Julai

Onyesho, ukumbini, mchana baada ya misa ya pili. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani.

Fundo la kitenge bado linahama. Mbwa bado anapita. Hakuna aliyesema. Kizito alikuwa na haki kwa kiasi hicho.

Bibi Tekla alipotoka kwenye kihenge watu walishika midomo. Alipopiga viganja, mtoto mmoja akasema kwa sauti, "Kumbe mzima!" Ukumbi ukacheka, halafu ukanyamaza kwa namna nyingine. Mke wa Bwana Idrisa alilia. Mimi pia.

Mama Kaspari alikuwa safu ya tatu. Alitoka kabla taa hazijawashwa.

Jumamosi, 3 Agosti

Zamu imefika tena kwa Mama Mdogo, ambaye bado hajaondoka. Nilimwambia jana asifagie, asiazime benchi, asijipe matumaini. Amefagia. Ameazima.

Nilivuka barabara mapema. Baridi, ukungu chini chini. Alikuwa uwanjani anapepeta ulezi kusogeza muda. Nilikuwa nasikiliza ng'ambo ya ukuta nisikie kama wimbo unaanza kule.

Haukuanza. Kabla ya saa moja Mama Kaspari akatokea kwenye upenyo wa uzio, peke yake, amebeba stuli yake na kitabu cha nyimbo. Nyuma yake wengine walikuwa wanakuja barabarani, lakini yeye hakuwangoja. Aliweka stuli chini. Akachutama, chini zaidi kuliko inavyotakiwa kwa mtu wa rika lake, akapiga viganja. Alipiga muda mrefu.

Mama Mdogo alikuwa ameshika ungo kwa mikono miwili. Niliangalia mikono. Akauinamisha taratibu ulezi usimwagike, akauweka chini, akajifuta kwenye kitenge. Fundo kushoto. Akajibu.